Jerikeni ya Jumamosi

Alhamisi jioni, bomba likiwa na nguvu, najaza jerikeni moja ya njano, lita 20, namimina maji yake kwenye beseni pana kibarazani na kuyaacha wazi. Binti wa jirani, mtoto wa miaka tisa hivi, aliwahi kuniuliza kwa nini siyafuniki kama mama yake anavyofunika ya kwao. Nikamwambia yanapumua. Akatoka mbio kutangaza kwamba maji ya mzee yule yana mapafu.

Hakukosea sana. Maji yetu mengi ya Kampala hutekwa Ziwa Viktoria huko Ggaba, huchujwa, hutiwa klorini, kisha husukumwa kupanda vilima mpaka yatufikie. Klorini hiyo hutukinga na kipindupindu na homa ya matumbo, sina ugomvi nayo. Ila matamvua ya samaki ni ngozi nyembamba mno, na kinachoua vijidudu bombani huibabua ngozi hiyo pia. Maji yakikaa wazi, klorini huruka. Zamani niliyaacha ndani ya jerikeni yenyewe, hadi nilipogundua kwamba mdomo wake mwembamba unayabana. Beseni ni bora. Jumamosi asubuhi nainama, nanusa. Nikisikia bado harufu ya korido ya hospitali, nangoja mpaka jioni.

Tangi langu la kioo lina lita 80. Robo yake ni jerikeni moja kamili. Siku nilipolinunua sikuwa nimepiga hesabu hiyo. Ilijileta yenyewe, kama kiatu cha mtumba cha soko la Owino kinachokukaa bila kujaribiwa. Kila Jumamosi lita 20 zinatoka, lita 20 zinaingia, mwaka wa 11 sasa. Nani ataisifu kazi kama hiyo? Tunamsifu mchonga milango wa Lamu, tunamsifu mpishi wa biriani, tunamsifu fundi jahazi. Mbadilisha maji hana cha kuonyesha, maana akiifanya kazi yake sawasawa, hakuna kinachoonekana. Mgeni huingia sebuleni, hutazama, husema samaki wazuri. Hakuna aliyewahi kuniambia maji mazuri.

Aliyenifundisha ni Hajji mmoja wa Kibuli, fundi cherehani, aliyekuwa na tangi nyuma ya meza yake ya kukatia vitambaa. Nilikwenda kwake kushonewa kanzu, nikarudi na ugonjwa. Nilipomwambia nimeshanunua kioo na pampu na kwamba kesho yake nakwenda kuchukua samaki, aliweka mkasi chini.

"Samaki utafuga baadaye, mwanangu. Kwanza fuga maji."

"Maji yanafugwaje, Hajji?"

"Yape chakula, uyangoje."

Basi nikayapa. Kwa wiki tano nilitupia punje za chakula cha samaki katika tangi lisilo na samaki, kidogo kila siku, zikaoza. Shemeji yangu alikuja kula sikukuu ya Idi, akaniona nalisha maji matupu, akamuuliza mke wangu kwa sauti ya chini kama silali usiku.

Kilichokuwa kikiendelea humo bado kinanishangaza. Chakula kikioza, na samaki akiishi tu, hutoka amonia, ileile inayokupiga puani kwenye mkojo uliolala. Amonia huunguza matamvua. Lakini wapo bakteria ambao riziki yao ni hiyo sumu: huila, wakaacha nitriti. Nitriti nayo ni balaa la namna yake. Huingia katika damu na kuizuia isibebe oksijeni, damu ikageuka kahawia, samaki akapanda juu kuhema ilhali hewa imo tele majini. Halafu wako wengine wanaoila nitriti na kuacha nitrati, ambayo samaki huivumilia isipozidi sana, na mimea huililia. Mwanasayansi Sergei Winogradsky, akiwa Zurich mwaka 1890, ndiye aliyewatenga bakteria wa jinsi hiyo na kuonyesha kwamba wanaweza kuishi bila kula kitu chochote kilichopata kuwa hai. Na habari haikuishia hapo. Mwaka 2015 watafiti walitangaza kuwa wapo bakteria, wa jamii ya Nitrospira, wanaoimaliza safari nzima peke yao, kutoka amonia hadi nitrati. Kundi moja la watafiti hao liliwakuta katika chujio la maji ya kufugia samaki. Miaka 125 walikuwa wamejificha ndani ya uchafu tunaousuza.

Hajji hakuwajua kwa majina. Aliwajua kwa pua. Maji yaliyokomaa, alisema, hunukia kama udongo baada ya mvua ya kwanza ya Machi. Wiki ya tano nikainua kifuniko. Udongo. Nilitia na matone ya kupimia, maana pua yangu siiamini kama yake: amonia sifuri, nitriti sifuri.

Kuna kipimo kingine ambacho watu hukidharau, nacho ni pH. Amonia ya kiasi kilekile, pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu yake yenye sumu huongezeka karibu mara kumi. Sisi wa Ziwa Viktoria tuna bahati, kwani maji yetu ni laini. Karibu asilimia 80 ya yanayoingia ziwani ni mvua inayoanguka moja kwa moja juu yake, ndiyo maana birika langu halishiki gaga la chokaa. Rafiki yangu anayefuga samaki wa Ziwa Tanganyika, ambako maji ni magumu na pH hukaribia 9, analazimika kutia mawe ya chokaa na makombe ili kuwadanganya kwamba wako kwao. Lakini maji laini ni kama mtu mpole. Hayana cha kujikingia, huchachuka upesi usipoyaangalia, na jerikeni ya Jumamosi ndiyo inayoyarudisha.

Mwaka wa pili nikafanya kosa. Sifongo ya chujio ilikuwa imejaa tope la kahawia, na nilikuwa natarajia wageni, nikaona haya. Nikaipeleka bombani, nikaisugua kwa nguvu zote mpaka ikang'aa kama ilivyotoka dukani. Nikajipongeza. Siku ya tatu samaki wangu, gapi, walikuwa wakihema juu ya maji. Siku ya nne niliopoa sita kwa kijiko. Lile tope nililolionea haya ndilo lililokuwa tangi langu. Wiki zote zile tano za kuyalisha maji, niliziosha kwa dakika mbili.

Nikakimbilia Kibuli. Hajji alinisikiliza hadi mwisho huku mguu wake uko kwenye kanyagio la cherehani.

"Uliiosha kwa maji gani?"

Sikujibu. Naye hakuuliza tena. Alikata kipande cha sifongo yake mwenyewe, chafu, akakitia ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki, pamoja na maji ya tangi lake, akanipa. Nikipakate kwenye boda, kisikauke. Na nikifika nitie chumvi kidogo ya jikoni, kwa sababu chumvi huizuia nitriti isipenye kwenye matamvua. Gapi wawili walipona. Hajji ametangulia mbele ya haki. Kipande kile bado kimo ndani ya chujio langu, kimelegea kingo, nami nakiogopa kuliko kitu chochote kilichomo nyumbani.

Jumamosi yenyewe huwa hivi. Nazima pampu. Nanawa mikono bila sabuni. Nachukua mpira wa mita moja na nusu, naujaza maji, naziba ncha kwa kidole gumba, ncha ya pili nimeizamisha kwenye changarawe, kisha nashusha hiyo ya kwanza ndooni na kuachia. Kuvuta kwa mdomo nimeacha. Nilishakunywa ya kutosha. Changarawe huinuka ndani ya mpira, huzunguka, taka nyepesi hupanda kama makapi ya chai, mawe kwa uzito wake hurudi chini. Ukishusha mkono sana unanyonya mawe, ukiuinua sana unanyonya maji matupu, na kati ya hapo kuna upana wa kidole kimoja ambao hakuna anayeweza kukuelekeza. Sisafishi sakafu yote kwa siku moja. Leo upande wa kushoto, wiki ijayo wa kulia. Sifongo naikamua mara mbili tu, ndani ya ndoo ya maji yaleyale machafu, nakoma hapo. Halafu namimina maji ya beseni polepole juu ya kisahani ili yasichimbe, nikiwa nimekwisha kuyaonja kwa kifundo cha mkono kama mama anavyoonja uji wa mtoto.

Usiku umeme ukikatika ndipo jiji hili humpima mfugaji. Tuko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Maji ya hapa hubeba oksijeni kidogo kuliko ya bomba la Mombasa yenye joto lilelile, na chujio likisimama kwa saa kadhaa, bakteria walioko ndani huanza kukosa hewa. Ninayo pampu ndogo ya betri. Betri ikiisha nachota kwa kikombe na kumimina kutoka juu, nachota, namimina, mke wangu akinimulikia kwa simu na kunikumbusha kwamba watoto wetu wenyewe sikuwakeshea hivi.

Siku hizi nafuga nkejje, samaki wadogo wa ziwa letu, dume mmoja na majike watatu, nilioletewa hai na mvuvi wa Ggaba. Watu huona nina kichaa. Nkejje ni kitu cha kukaushwa na kupewa mtoto mwenye surua. Ni mwiko wa ukoo mmoja wa Baganda unaobeba jina hilohilo. Kumweka sebuleni ni kama kufuga kuku kwenye kochi. Lakini wenzetu wa Ulaya na Marekani wanamfuga kwa bei kubwa, na ziko aina ambazo zimebaki katika vioo vyao tu. Watanzania wanawaita furu. Zilikuwa zaidi ya aina 500, na wataalamu wengi wanaamini zilichipuka ndani ya miaka 15,000 hivi, tangu ziwa lilipokauka na kujaa tena. Sangara, tunayemwita hapa mputa, alipandikizwa miaka ya 1950 na 1960, na miaka ya 1980 akafyeka nyingi.

Hiyo kila mtu anaijua. Isiyojulikana sana ni ile waliyoieleza mwanabiolojia Ole Seehausen na wenzake mwaka 1997. Jike wa nkejje humchagua dume kwa rangi. Mbolea na maji taka vikiingia ziwani, mwani hustawi, mwanga hupungua, jike hatofautishi tena bluu na nyekundu. Anachukua aliyepo. Aina mbili zikawa moja, kisha tatu zikawa moja, pasipo samaki hata mmoja kuliwa. Niliposoma hayo nilinyanyuka nikaenda kumtazama dume wangu. Alikuwa akimchezea jike mapezi, anatetemeka, mwekundu kama pilipili, mbele ya kioo safi.

Mfereji wa Nakivubo hupita katikati ya jiji, kando ya Owino, ukizoa ya mitaa yote, hadi kwenye kinamasi cha mafunjo upande wa Luzira, kabla ya kumwaga katika Ghuba ya Murchison. Ni ghuba hiyohiyo ambayo Ggaba huchotea. Kwenye mizizi ya mafunjo wamekaa bakteria wa kazi ileile inayofanyika katika sifongo yangu. Nacho kinamasi kimesuguliwa: kimekatwa mafunjo, kimepandwa magimbi na miwa, kimejazwa vifusi, kimejengwa. Kila nikipita kando yake, huko Namuwongo, nauona ule mwaka wangu wa pili. Wahandisi wa Ggaba wanafuga maji kama mimi, ila tangi lao halina pembe ya kushikia, na hawana beseni la kuliwekea robo yake.

Maji ninayoyatoa Jumamosi siyamwagi mtaroni. Rangi yake ni ya chai ya rangi iliyopoa, yamejaa nitrati, na nyuma ya nyumba nina migomba miwili na tuta la doodo, mchicha wetu. Doodo langu limekuwa gumzo la ua mzima, majani mapana kama kiganja. Mama yake yule binti alikuja mwezi uliopita kuuliza natumia mbolea gani, nikamwonyesha ndoo. Akainama, akanusa, akasema kumbe inanukia mvua.

Jumamosi iliyopita nilipotoka kibarazani nilikuta jerikeni ya pili karibu na beseni langu, tupu, haina kifuniko.