Chungu Kisichong'aa

Wapo wanaouona ufinyanzi kama ngazi. Kwenye kidato cha chini kabisa wanaweka chungu kilichochomwa uani kwa makuti na makumbi. Kwenye cha juu kabisa wanaweka chombo kinachong'aa kilichotoka kwenye tanuri la matofali. Kwa hesabu hiyo, mwanamke wa Kibiti, mkoani Pwani, anayechoma vyungu nyuma ya nyumba amesimama palepale alipoachwa na bibi yake. Nabisha. Moto wa uani ni elimu iliyokamilika, na chungu chake haking'ai kwa sababu nzuri.

Tuanze na huko juu, tusije tukadharau tusichokijua. Kufikia karne ya 15, wafinyanzi wa bonde la mto Rhine, Ujerumani, walikuwa wakirusha chumvi ya kawaida ndani ya tanuri lililokwisha kupata joto la nyuzi 1,200 na zaidi. Kwa joto hilo chumvi hugeuka mvuke, sodiamu yake hushikana na silika iliyomo ndani ya udongo, na ngozi ya chombo huwa kioo. Moshi wa chumvi una asidi kali, kwa hiyo katika miaka ya 1970 baadhi ya wafinyanzi wa Marekani waligeukia magadi. Magadi ni mavivu. Hayageuki mvuke kwa urahisi. Aghalabu hukorogwa kwenye maji na kunyunyizwa tanurini kupitia matundu, na yakishaingia hufuata njia ya moto. Ubavu wa chombo uliouelekea moto hutoka na mng'ao, uliojificha nyuma ya mwenzake hutoka mkavu. Kuni nazo huleta lao: jivu hupeperuka, hutua mabegani mwa chombo, huyeyuka na kutiririka.

Wapangaji wa matanuri hayo wana desturi moja ambayo mtu wa pwani ataipenda. Baadhi ya vyombo huvilaza juu ya makombe ya baharini ili visigandane na rafu. Tanuri likipoa, kombe limekwisha kuwa chokaa. Ukiliacha kwenye hewa yenye unyevu, baada ya muda linajisaga lenyewe kuwa unga, na kwenye ubavu wa chombo imebaki alama ya mistari yake. Waliojenga Kilwa, na Kua kule Mafia, kwa chokaa ya matumbawe iliyochomwa kwa kuni wasingehitaji kuelezwa kilichotokea humo.

Mfinyanzi wa Kibiti akitaka kujaribu, vifaa havikosi. Magadi ni yaleyale yanayotiwa kwenye maharage ili yaive upesi. Yapo Ziwa Natron, na Ziwa Magadi, Kenya, yana kampuni yake tangu 1911. Udongo mwekundu wa kawaida, wenye chuma kingi, hauvumilii nyuzi 1,200. Huvimba na kulala. Lakini vilima vya Pugu, mkoa uleule wa Pwani, vina kaolini, udongo mweupe unaostahimili joto hilo. Swali liko kwenye kuni. Tanuri la kuni hula usiku na mchana, na yale ya Kijapani yaitwayo anagama hulishwa siku kadhaa mfululizo. Kuni kali zilizo karibu na Kibiti ni mikoko ya delta ya mto Rufiji. Delta hiyo ina takriban hekta 50,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko wote wa aina yake ulioungana mahali pamoja Afrika Mashariki, na tangu 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Kamba na kaa hukulia kwenye mizizi ile. Kufyeka misinzi na mikandaa ili bakuli ling'ae ni biashara ambayo mvuvi wa Nyamisati angeikataa kabla hujamaliza kuieleza.

Moto wa uani haudai hayo. Unatosheka na mabaki ya mnazi na matawi ya mkorosho na mwembe yaliyopogolewa, na mchomaji anajua tabia ya kila kuni: makumbi hufuka polepole, vifuu hutoa joto kali, makuti huwaka kwa pupa yakazimika. Vyungu vimekwisha kukauka kivulini kwa siku nyingi. Hata hivyo huoteshwa moto kwanza kwa mbali, kwa sababu maji yaliyojificha ndani ya udongo yakigeuka mvuke kwa ghafla, chungu hupasuka kwa kishindo na kuvunja majirani zake. Kisha hupangwa kifudifudi, vikubwa chini, vidogo mianyani, makumbi katikati, kuni juu. Vigae vya vyungu vilivyovunjika miaka ya nyuma hufunika lundo, upepo wa kusi usije ukapoza upande mmoja.

Moto ukishika, kazi ya mikono imekwisha, imebaki ya macho na masikio. Vyungu huwa vyeusi kwanza kwa masizi. Baadaye masizi nayo huungua, weusi huanza kutoka mabegani, na katikati ya lundo huonekana wekundu wa kaa. Msaidizi mwenye haraka akiuliza kama wafungue, hujibiwa, "Bado, mwanangu, hujaona masizi hayo?" Kipimajoto hakuna. Moto wa namna hii kwa kawaida hufika kati ya nyuzi 600 na 900, na kinachotafutwa ni kuivuka ile 600 mpaka ndani ya ukuta wa chungu. Udongo ambao haukufika huko ukirowekwa hurudi kuwa tope. Uliofika, maji yote ya Rufiji hayawezi kuurudisha.

Na hapa ndipo ngazi inapovunjika. Chungu cha nyuzi 800 kimejaa vinyweleo, na mchanga au vigae vilivyopondwa ambavyo mfinyanzi alivichanganya kwenye udongo huuachia mwili wake nafasi ya kutanuka na kusinyaa. Ndiyo maana kinakaa juu ya mafiga, moto mkali chini na mchuzi wa nazi ndani, kisipasuke. Bakuli la tanuri la magadi ni gumu na limeshikana. Liweke kwenye mafiga hayohayo, huenda likapasuka kabla nazi haijachemka. Mtungi nao hutoka jasho: maji hupenya ukutani, upepo huyakausha, na yaliyobaki ndani hupoa. Ukiupaka mng'ao umeuziba, na joto la mchana wa Januari litabaki humohumo.

Wala si kwamba watu wa pwani hii hawakuwahi kuuona mng'ao. Mitungi ya samawati iliyochanganyika na kijani kutoka Ghuba ya Uajemi, ambayo mng'ao wake ulitokana na majivu ya mimea yenye magadi, ilikuwa ikishuka bandarini tangu karne ya 8. Waliinunua. Baadaye walipachika mabakuli ya Kichina kwenye makaburi ya Kunduchi. Jikoni waliendelea na chungu chao. Katika mkoa huohuo wa Pwani, mahali paitwapo Limbo, mwanaakiolojia Felix Chami alifukua mabaki ya wafua chuma wa miaka takriban 2,000 iliyopita, vigae vya vyungu vikiwa pamoja na mavi ya chuma. Vigae vya karne za baadaye, vyenye pembetatu zilizochanjwa shingoni, vimeokotwa kutoka pwani ya Kenya hadi Msumbiji, na kwa hivyo wataalamu wameweza kufuatilia chimbuko la miji ya Waswahili. Nyumba za miti zilioza na mto Rufiji ukahama mikondo yake. Ushahidi uliobaki ni ule uliopita motoni.

Hata kwa kipimo cha majumba ya sanaa, kukosa mng'ao si kukosa daraja. Mfinyanzi Magdalene Odundo, aliyezaliwa Kenya mwaka 1950, alisomea Uingereza, akajifunza pia kwa wafinyanzi wa Abuja, Nigeria. Vyombo vyake huvijenga kwa mkono, huvisugua mpaka vilainike, na vile vyeusi weusi wake ni wa moshi wa moto ulionyimwa hewa. British Museum inavyo.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na siku hizi sufuria na ndoo za plastiki zimemsogeza karibu zaidi na kigae hicho. Basi anayekwenda sokoni ajue anachonunua. Kipige chungu kwa kifundo cha kidole: kikilia wazi, kimeiva, kikitoa sauti nzito, kina ufa au kilitoka motoni mapema. Doa jeusi ubavuni si kasoro ya kuombea punguzo. Hapo ndipo kuni ilipogusa. Ukifika nyumbani pika uji kwanza, wanga uzibe vinyweleo vikubwa. Na kikilia vizuri, lipa bei uliyotajiwa, kwa kuwa bei hiyo lazima ibebe pia vile vilivyopasuka motoni.