Mwakenya ni wizi, tuuite kwa jina lake

JUZI nilikuwa nikisoma rasimu ya tasnifu ya mwanafunzi mmoja kuhusu riwaya ya Kiswahili. Programu ya kukagua wizi wa maandishi ilikuwa imeipitisha bila tatizo. Lakini katika sura ya pili nikakutana na maneno "kwa mkono mwingine". Nilishtuka. Mswahili husema "kwa upande mwingine". Mkono huo ulitoka wapi? Ulitoka katika makala ya Kiingereza ambayo mwanafunzi aliitafsiri neno kwa neno, kisha akaiwasilisha kama mawazo yake.

Nilipomuuliza, alijibu bila wasiwasi: "Mwalimu, sikukopi. Nimetafsiri tu."

Jibu hilo ndilo linalonikera. Programu hizi kimsingi hulinganisha maneno, hivyo kazi iliyohamishwa kutoka lugha moja hadi nyingine huponyoka kwa urahisi. Hata hivyo, wazo likivalishwa kanzu halibadilishi baba. Wizi ni wizi hata ukifanywa kwa Kiswahili sanifu.

Msamiati wetu nao una lawama. Tumelipamba kosa hili kwa majina ya mzaha. Kikaratasi cha kuibia mtihani tunakiita "mwakenya", jina la kundi la siri lililoupinga utawala wa Rais Moi miaka ya 1980. Watu waliteswa na kufungwa kwa kushukiwa kuwa wanachama wake. Leo jina hilo ni la kikaratasi kilichofichwa ndani ya soksi! Anayeiba kwenye intaneti, eti "amekopi na kupesti". Anayewaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha kwa malipo, eti ni "mwandishi".

Dawa si ngumu. Unaposoma, andika papo hapo jina la mwandishi, mwaka na ukurasa. Funga kitabu, ueleze wazo kwa maneno yako, na bado umtaje mwenyewe. Ukichukua maneno yake yalivyo, weka alama za kunukuu. Ukitafsiri, taja chanzo na useme tafsiri ni yako.

Nasi wahadhiri tujisute. Ni wangapi kati yetu tunaosoma noti zile zile darasani kila mwaka bila kutaja tulikozitoa? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Mwanafunzi yule nilimrudishia sura yake aiandike upya. Aliyoleta ni fupi, na ina makosa ya hapa na pale. Makosa hayo tutayasahihisha pamoja, kwa kuwa sasa najua ninayemsahihisha ni nani.