Hamsini na Mbili Toa Ishirini na Saba

Likizo ya Juni ikifika watoto hutawanyika, wengine shambani, wengine kwa bibi zao, na mtaani watu husema walimu nao wanapumzika. Wapite basi kwenye shule ya jirani. Watawakuta walimu wako mafunzoni, wamejibana kwenye madawati ya darasa la pili, magoti yakigusa ubao wa chini, karatasi za manila zimebandikwa ukutani na fomu ya mahudhurio inazunguka kutoka mkono hadi mkono. Nchini Tanzania mafunzo haya huitwa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, na hufanyika shuleni kwenyewe au kwenye vituo vya walimu. Kumfunza mwalimu akiwa tayari kazini si jambo la jana kwetu. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi ilipojiandaa kuwaingiza watoto wote shuleni, vijana wengi waliomaliza darasa la saba waliingizwa kufundisha, wakawa wanajifunza ualimu huku chaki iko mkononi. Baadhi yetu tulisomeshwa na hao, na tulisoma tukaelewa.

Sehemu kubwa ya siku ya mafunzo hupita kama siku yoyote ya mkutano: ufunguzi, neno la afisa elimu kata, ombi la kuzima simu, chai na maandazi. Mimi huisubiri saa ile inayofuata chai, mwezeshaji anapouliza, "Haya, nani atatufundisha?" Hapo walimu waliozoea kusimama mbele ya watoto themanini bila woga huanza kupekua daftari zao, kila mmoja akitafuta kitu ambacho hakikupotea.

Nawaelewa. Fundi seremala hukua kando ya fundi aliyemtangulia, akiona mkono wake unavyoshika randa na mahali anapopunguza nguvu. Mwalimu hutoka chuoni, akaingia darasani, na tangu siku hiyo anaweza kufikia umri wa kustaafu bila kumtazama mwenzake akifundisha kipindi kizima, wala mwenzake kumtazama yeye. Wakaguzi huja, lakini mkaguzi huja na fomu. Hivyo mbinu ambayo mwalimu ameitafuta kwa miaka mingi, akaipata, huondoka naye siku anapokabidhi funguo za kabati.

Safari hii alisimama mama mmoja wa makamo. Alikata chaki vipande viwili kabla ya kusema neno, akaishika kwa kuilaza ili isilie ubaoni, akaandika huku amesimama upande ili mgongo wake usizibe tarakimu. Hamsini na mbili juu, ishirini na saba chini, mamoja chini ya mamoja, makumi chini ya makumi. Kisha akatoa mfukoni vijiti vya chelewa: mafungu matano ya vijiti kumikumi yaliyofungwa kwa vipande vya mpira wa tyubu, na vijiti viwili pembeni.

"Watoto, hamsini na mbili toa ishirini na saba."

Kijana mmoja aliyekaa nyuma, naye ni mwalimu, akajibu kwa sauti ya kitoto: "Thelathini na tano, mwalimu!"

Tukacheka sote, maana jibu hilo hakuna asiyelijua. Limo kwenye daftari za watoto kila wilaya, na limechorwa mkasi mwekundu mara zisizohesabika. Yule mama hakucheka, wala hakusema umekosa. Aliuliza, "Umepataje?"

"Saba toa mbili, tano. Tano toa mbili, tatu."

Kwangu mimi hapo ndipo siku nzima ilipolipa. Mtoto anayejibu hivyo hakubahatisha. Anayo kanuni, na anaifuata kwa uaminifu: ndogo itolewe kwenye kubwa, haidhuru ipi iko juu. Kanuni hiyo ilimpa majibu sahihi wiki nzima iliyopita. Hamsini na nane toa ishirini na tatu, alipata. Sitini na tisa toa arobaini, alipata, akapigiwa makofi. Leo mkasi mwekundu utamwambia amekosa, lakini hautamwambia ni wapi, na kesho atairudia kanuni yake kwa sababu ndiyo pekee aliyo nayo.

Mama akainua vile vijiti viwili. "Hivi ni vingapi?" Viwili. "Nipe saba."

Akanyamaza. Mwezeshaji akafungua mdomo kutaka kumsaidia, akaufunga. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi wakishauliza swali husubiri kama sekunde moja tu, kisha hulijibu wenyewe, hulirudia, au humrukia mtoto mwingine. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na watoto waliozoea kukaa kimya wakaanza kusema. Sekunde tatu ni chache kuzitamka. Mbele ya darasa lililojaa, huku kengele inakaribia, zinahitaji moyo mgumu. Yule mama alizisubiri na zaidi, hadi kijana wa nyuma akanyoosha mkono kwenye fungu moja: "Nifungue hili?"

Mpira ukavuliwa. Vijiti vikawa kumi na viwili, saba vikatoka, vikabaki vitano. Mafungu manne yakatoka mawili, yakabaki mawili. Ishirini na tano.

Maswali yaliyofuata ndiyo yaliyotuchelewesha kula. Mwenye watoto tisini atapata wapi vijiti vya kutosha? Wawiliwawili, akajibu mmoja, na vizibo vya soda vinafaa pia. Je, mia tatu toa arobaini na nane, ambako hakuna hata fungu moja la kumi la kufungua? Tukalikalia hilo, tukafunga mafungu kumi kuwa furushi la mia, tukafungua furushi, kisha fungu. Mwingine akahamia kwenye Kiswahili, akadokeza jinsi anavyowaonyesha watoto kwamba sauti ya kwanza ya ng'ombe hutoka puani: huwaambia waivute kwa urefu, kisha wabane pua, nayo hukatika hapohapo.

Wajapani wamefundishana hivi kwa zaidi ya miaka mia. Walimu hupanga somo pamoja, mmoja hufundisha, wengine hukaa darasani wakiwatazama watoto, halafu hulijadili somo hatua kwa hatua. Hakuna mtambo wala bajeti kubwa ndani yake. Panahitajika ubao, muda, na watu walio tayari kuonwa.

Ninyi mnaopanga ratiba za Juni, punguzeni hotuba za ufunguzi. Mwambieni kila mwalimu aje na daftari tatu za watoto wake zenye majibu ya makosa, kisha wapeni walimu saa mbili baada ya chai wafundishane.