Kadogo Asiyejua: Hatia na Utoto katika Ender's Game

Riwaya ya Orson Scott Card, Ender's Game, iliyotolewa mwaka 1985 baada ya kuanza kama hadithi fupi mwaka 1977, imezoeleka kusomwa kama kisa cha kipaji. Andrew Wiggin, aitwaye Ender, anachukuliwa kwao akiwa na umri wa miaka 6 na kupelekwa katika shule ya kijeshi iliyo angani. Huko anafunzwa kwa michezo ya vita, na mwishowe anaangamiza jamii nzima ya viumbe wafananao na wadudu huku akidhani kwamba anafanya mtihani. Jeshi la Marekani, kwa tawi lake la Marine, limewahi kuitia riwaya hii katika orodha ya vitabu ambavyo askari wake huhimizwa kuvisoma. Yaelekea walichokiona humo ni uongozi, utoto haukuwashughulisha.

Kwa msomaji wa Kakamega, asiye mbali na mpaka wa Uganda, usomaji wa namna hiyo ni mgumu. Yeye analo neno ambalo Card hakuwa nalo, yaani kadogo. Ndivyo walivyoitwa watoto waliobeba bunduki katika jeshi la NRA lililoingia Kampala Januari 1986, wengi wao wakiwa mayatima wa vita vya Luweero. Ndivyo walivyoitwa pia wale waliofuatana na majeshi ya Laurent Kabila kutoka Kivu hadi Kinshasa, mwaka 1996 na 1997. Kiambishi ka- kina upole wa kudanganya: kinambembeleza mtoto papo hapo kinapomkabidhi silaha. Hata hivyo, kadogo alijua alichokifanya. Aliyepigwa risasi alianguka mbele ya macho yake. Ender hajui, na juu ya kutojua huko ndipo Card alipojenga riwaya nzima.

Msingi huo unaonekana zaidi katika usimulizi. Kila sura inatanguliwa na mazungumzo ya watu wazima, ambao mara nyingi hawatajwi majina, wakipanga jinsi ya kumtenga mtoto, kumchosha na kumvunja. Kwa hiyo msomaji anajua mengi kuliko Ender, na anamhurumia. Lakini ifikapo vita vya mwisho, msomaji naye haelezwi wazi kwamba merikebu zile ni za kweli na wanaokufa wanakufa kweli. Anashangilia ushindi, kisha anaambiwa alichokishangilia. Mbinu hii ni ya ustadi mkubwa, na pia ina faida yake kwa mwandishi: msomaji aliyedanganywa pamoja na muuaji hana haraka ya kumhukumu. Hali ni hiyo hiyo kwa Stilson na Bonzo, watoto wawili ambao Ender anawaua kwa mikono yake. Hata vifo hivyo anafichwa.

Mhakiki John Kessel alilalamika mwaka 2004 kwamba riwaya hii inapima wema kwa nia peke yake. Hoja yake ni ya haki, ila haijafika mwisho. Ikiwa kinachomtakasa Ender ni kutojua, basi mtoto aliyejua hana cha kumtakasa. Dominic Ongwen alitekwa na LRA akiwa mtoto, njiani kwenda shule, akakua humo hadi akawa kamanda. Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani kwa makosa 61. Mwezi Mei mwaka huo akahukumiwa kifungo cha miaka 25, na kutekwa kwake utotoni kulizingatiwa katika kumpunguzia adhabu. Mahakimu walilazimika kushika mambo mawili kwa pamoja, uonevu aliotendewa na uovu aliotenda. Card hakumpa mhusika wake mzigo huo. Katika riwaya anayeshtakiwa ni Kanali Graff, mlezi wa mpango mzima, naye anaachiliwa kwa kurasa chache tu. Inasikitisha, kwa kuwa hapo palikuwa na riwaya nyingine, pengine iliyo kubwa zaidi.

Sehemu ya mwisho, ambayo wasomaji wengi huipita haraka, ndiyo inayogusa zaidi masikio ya magharibi mwa Kenya. Ender anaandika kitabu kwa sauti ya malkia wa viumbe aliowaua, na kutokana nacho inazuka desturi ya kusema ukweli wa maisha ya marehemu. Wabukusu na Watachoni wanayo desturi iliyo jirani na hiyo: omuswala kumuse husimama baada ya mazishi ya mzee mwenye heshima na kuusemesha umma. Lakini husimama mbele ya jamaa waliomjua marehemu, ambao hutambua papo hapo anapopinda maneno, na si yeye aliyemuua. Katika kitabu cha Ender malkia anatamka msamaha kwa wanadamu, na mkono unaouandika msamaha huo ni wa muuaji. Ni kweli kwamba malkia mmoja amesalia katika kifuko chake na ndiye chanzo cha maneno hayo. Ila hana njia nyingine ya kusema, na uhai wa kizazi chake uko mikononi mwa huyo anayemsamehe. Kule Acholi, mtoto arudiye kutoka msituni hukanyaga yai penye lango la boma, na wanaomngoja ndani ni watu ambao wangeweza kumkataa.