Kupima Nguvu ya Gundi ya Bolti

Bolti iliyokazwa vyema hushikiliwa na mvutano wa chuma chake pamoja na msuguano uliopo kati ya nyuzi zake, yaani ile mifereji inayoizunguka, na nyuzi za nati. Mwaka 1969 mhandisi Gerhard Junker alionyesha kwamba vipande vilivyofungwa vikianza kutelezeana kwa upande, msuguano huo hupotea na bolti hujifungua yenyewe pasipo kuguswa na spana. Gundi ya nyuzi huziba uwazi mdogo unaobaki kati ya chuma na chuma, ambao ndio unaoruhusu mtelezo huo.

Chanzo chake ni kazi ya Vernon Krieble, profesa wa kemia wa Trinity College, Hartford, Marekani, ambaye katika miaka ya 1950 alitengeneza kimiminika kilichokuja kuuzwa kwa jina la Loctite. Kikiwa na hewa hubaki majimaji, lakini kikikosa oksijeni huku kikigusana na chuma hugeuka plastiki ngumu. Ndiyo maana chupa yake haijazwi hadi juu, na plastiki yake ni ya aina inayopitisha hewa.

Wengi hudhani kwamba gundi kali zaidi ndiyo salama zaidi, na dhana hiyo imeharibu bolti nyingi. Nguvu ya gundi hupimwa kwa momenti ya kuachia, yaani nguvu ya kuzungusha inayohitajika ili bolti isogee kwa mara ya kwanza, na takwimu za watengenezaji kwa kawaida hutokana na bolti ya M10, yenye kipenyo cha milimita 10. Kwa bolti hiyo, Loctite 222 ya zambarau hukaribia nyutoni-mita 6, na 243 ya buluu hukaribia 26. Fundi anayezichukua takwimu hizo kama zilivyo na kuzitumia kwa skrubu ya M4 anakosea, kwa sababu uwezo wa skrubu kustahimili kusokotwa hutegemea kipenyo chake, ilhali mshiko wa gundi huongezeka pia kadiri nyuzi zinavyozama. Skrubu nyembamba iliyozama sana ndani ya alumini ikipakwa gundi nyekundu, iliyo kali kuliko hizo mbili, kichwa chake huweza kukatika kabla gundi haijaachia.

Aina nyekundu huhitaji kupashwa joto la takriban nyuzi 250 za Selsiasi na kufunguliwa ikiwa bado ya moto, joto ambalo huunguza mipira ya kuzuia mafuta na grisi ya beringi zilizo karibu. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua rangi, inafaa kujiuliza ni nani atakayeifungua bolti hiyo, na kwa kifaa gani.

Metali nayo ina neno lake. Chuma cha kawaida na shaba huharakisha ugumu, lakini juu ya zinki na chuma kisichoshika kutu gundi hukawia, hasa kwenye baridi, na huenda ikahitaji kichocheo; gundi inayoonekana dhaifu mara nyingi haijakauka tu, kwani ugumu kamili huchukua takriban saa 24.

Kwa bolti itakayofunguliwa wakati wa matengenezo, kama zile za diski ya breki ya pikipiki, gundi ya buluu inatosha, isipokuwa kitabu cha mtengenezaji kiagize vingine. Nyekundu ibakizwe kwa bolti zisizotarajiwa kufunguliwa.