Nyundo Chini ya Pima Thelathini

Tarehe 10 Januari 1963, televisheni ya CBS ya Marekani ilirusha hadithi ya mfululizo wa The Twilight Zone iitwayo "The Thirty-Fathom Grave". Manowari ya Marekani inapita karibu na Guadalcanal, katika Visiwa vya Solomon, na mtambo wake wa kusikiliza chini ya maji unanasa mlio wa chuma kikigongwa. Mlio unatoka pima 30, yaani mita 55 hivi. Mzamiaji anashuka na kukuta nyambizi iliyozama vitani mwaka 1942. Ndani yake nyundo inagonga.

Ufundi wa Rod Serling, mtunzi wake, uko katika kuuchagua mlio huo. Kwa mabaharia, nyundo chini ya maji maana yake kuna mtu hai. Nyambizi Squalus ilipozama karibu na Portsmouth, New Hampshire, Mei 1939, walionaswa ndani waligonga ukuta wa chuma kwa alama za Morse. Meli za juu zikasikia, na watu 33 wakaokolewa. Upande wa pili kuna meli West Virginia, iliyozama Pearl Harbor Desemba 1941. Wenzao walisikia mabaharia watatu wakigonga siku hadi siku, wasiweze kuwafikia. Meli ilipoinuliwa, ndani ya chumba chao ilipatikana kalenda yenye alama hadi tarehe 23.

Serling anauchukua mlio wa kuomba msaada na kuugeuza wito wa kumdai mtu. Anayedaiwa ni serahangi Bell, aliyeigizwa na Mike Kellin. Bell ndiye pekee aliyenusurika katika nyambizi ile, na miaka yote ameamini kwamba kosa lake la taa ya ishara ndilo lililowaonyesha Wajapani mahali walipo. Kila nyundo inapogonga, tunamtazama yeye badala ya bahari. Kellin anaubeba mzigo huo usoni na mabegani, naye hahitaji maneno mengi. Pale wafu wanapomtokea kwenye kioo wakimpungia mkono, naona hadithi inajipunguzia nguvu, kwa kuwa sikio lilikwisha kutuambia yote hayo na kwa hofu kubwa zaidi.

Msimu ule vipindi vilirefushwa kutoka nusu saa hadi saa nzima, na wengi hulalamika kwamba hadithi zilivutwa kupita kiasi. Hii, kwangu, iliihitaji saa yake. Mlio unahitaji muda wa kuzoeleka, wahusika waendelee na kazi huku wakiusikia, nahodha atafute maelezo ya kiakili na kuyakosa.

Mwishoni Bell anajitupa baharini. Wazamiaji wanaingia katika nyambizi na kurudi na taarifa: maiti wanane, mmoja wao ameshika nyundo. Kamera haitupeleki humo. Tunalipata jambo lenyewe kwa maneno ya mtu aliyeliona, na uamuzi huo ndio ninaouheshimu kuliko yote. Serling mwenyewe alipigana Ufilipino akiwa askari wa miavuli, Leyte na Luzon, akajeruhiwa, akawaacha wenzake huko. Katika saa hii nzima hamruhusu mtu yeyote kumpa Bell jibu la kumtosha. Daktari wa meli anajaribu, tena kwa upole wa kweli, na Bell anamsikiliza. Lakini nyundo inaendelea kugonga.