Atiman wa Karema na Kiu ya Kusimulia

Tumezoea kuamini kwamba jeraha ndilo humzaa msanii. Freud, katika insha yake ya 1908 kuhusu waandishi na ndoto za mchana, aliona njozi kuwa kazi ya mtu asiyeridhika. Mwaka 1986 James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall waliwapa wanafunzi siku nne za kuandika machungu yao; walioandika matukio pamoja na hisia walikwenda kutibiwa mara chache zaidi miezi iliyofuata. Maelezo hayo yananivutia, lakini yananiacha njiani nikifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika.

Adrien Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu. Alitekwa utotoni, akavushwa Sahara kama mtumwa, hadi Mapadri Weupe walipomnunua na kumkomboa huko Algeria. Alisomea utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889, akatibu watu mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 1956.

Tawasifu yake ilichapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Hesabu miaka: zaidi ya 50 tangu afike ziwani. Kama jeraha peke yake lingemsukuma mtu kuandika, mbona kitabibu hiki kilitangulia kalamu kwa nusu karne? Na mbona watoto wengi walioburutwa jangwani kama yeye hawakutuachia hata mstari?

Nadhani jibu limo katika maneno mawili ya kichwa cha habari: kwamba maisha hayo yanasimuliwa na "mwenyewe". Mtumwa ni mtu anayesemewa. Bei yake hutajwa na wengine, hata ukombozi wake husimuliwa na aliyemkomboa. Kusema "mimi" mbele ya msomaji ni kujitoa katika daftari la mtu mwingine.

Msomaji mkali atapinga: bila misheni, Atiman asingekuwa na elimu wala wa kumsikiliza. Ni kweli, na sidai kwamba sauti yake haikuguswa na mikono ya wengine. Lakini kiu ya kubuni haihitaji uhuru kamili. Inahitaji nafasi, na hasira kidogo ya kuona wengine wakikusimulia vibaya au nusunusu.

Kwa hiyo, kijana unayengoja uumie vya kutosha ndipo uandike, jiulize kwanza swali jepesi zaidi: nani anasimulia mtaa wako sasa, na amekosea wapi?